Hesabu ya Sufuria katika Mtaa wa Staha

Nchi ninayoisimulia ipo, ila haimo kwenye ramani. Idara ya Ramani haijapata kibali cha kuichora, na kibali hutolewa na Idara ya Vibali, ambayo ofisi yake haipatikani bila ramani. Wananchi hatulalamiki. Tumezoea kuelekezana kwa mdomo.

Mimi ni katibu wa Umoja wa Wakazi wa Mtaa wa Staha. Darasani sikukaa sana. Nilichonacho nimejifundisha mwenyewe. Kwa hiyo napenda kueleza mambo kwa mpangilio, moja baada ya jingine, na kazi ya kuhukumu nawaachia waliosomea.

Mtaa wa Staha una nyumba thelathini na saba. Kila nyumba ina uzio, lango, kibao chenye jina la mwenye nyumba, na familia moja. Hilo la mwisho ndilo fahari yetu. Limeandikwa kwenye bango pale barabara inapoingilia: NYUMBA MOJA, FAMILIA MOJA. Limeandikwa pia kwenye muhuri wa Umoja, ambao hukaa mfukoni mwangu.

Nyuma ya kila nyumba kuna ua, na katika ua kuna vyumba, na katika vyumba hivyo wanakaa watu. Bango halikusema lolote kuhusu uani, nasi hatukuliuliza.

Kiwanja cha thelathini na nane hakina nyumba. Kilitengwa kwa sanamu ya Kiongozi Mwasisi, ya shaba, urefu wa mita tisa. Mafundi walianza kutoka chini, kama inavyotakiwa, wakafika kwenye viatu, kisha serikali ikabadilika. Viatu vikabaki. Kila Siku ya Taifa tunaviwekea shada la maua na kuvipigia saluti. Wageni wa heshima hupigwa picha wakiwa wamesimama ndani ya kiatu cha kushoto, maana cha kulia kinatuama maji.

Siku moja ikaja barua kutoka Wizara ya Makazi na Ujirani. Ilisema serikali imegundua kwamba watu ni wengi na nyumba ni chache, jambo ambalo tume ilikuwa ikilichunguza kwa miaka sita. Ilisema kiwanja cha viatu kitajengwa nyumba ya ghorofa, ya kukaa familia nane. Mwanafamilia yeyote wa mtaa asiye na makazi yake mwenyewe anaruhusiwa kuandikisha jina, na atakayetangulia ndiye atakayetangulia kupewa. Mwisho ilisema wakazi watatoa ridhaa kwa hiari yao, ndani ya siku arobaini.

Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la dada yangu.

*

Dada Mwasiti ananizidi miaka kumi na miwili. Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka minne, na yeye ndiye aliyenichukua mgongoni. Alikuwa akichemsha mihogo kwenye sufuria moja pana, yenye kibonyeo ubavuni, akaiuza stendi pamoja na chachandu, imefungwa kwenye vipande vya magazeti. Vipande vilivyobaki aliniletea jioni. Nilijifunza kusoma kwa vipande hivyo. Na kwa kuwa vilikuwa vimechanwa, mpaka leo najua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache. Yeye mwenyewe hakujifunza. Alikuwa na mihogo motoni.

Uani kwangu amekaa miaka kumi na mmoja. Chumba chake kilikuwa stoo kabla hajaja, na hakijaacha kabisa kuwa stoo. Magunia ya mkaa yamepangwa upande wa kichwani mwa kitanda, na anayehitaji mkaa huingia bila hodi, kwa sababu mkaa haupigiwi hodi. Anapika peke yake, nje ya chumba, kwenye mafiga matatu, katika sufuria ile ile yenye kibonyeo. Anasema hataki kumbana mke wangu jikoni. Mke wangu anasema Dada ndiye anayependa hivyo. Nilipoona wote wawili wanakubaliana, sikuchunguza zaidi.

Barua ilipobandikwa aliniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaniomba nirudie pale panaposema asiye na makazi yake mwenyewe.

"Hapo ni mimi," akasema.

Nikamwambia, Dada, wewe una makazi, hapa ni kwako.

"Najua, mdogo wangu. Nakaa vizuri, Mungu akuzidishie. Ila nina miaka sitini na mitatu na sijawahi kuwa na mlango ambao nikiufunga, umefungwa."

Akaomba kalamu. Kisha akakumbuka, akaniomba mimi. Nikaliandika jina lake kwa mkono wangu, juu kabisa, namba moja. Aliliangalia muda mrefu, akaniuliza lipi ni Mwasiti na lipi ni jina la baba, akaliweka moyoni kwa umbo lake, kama mtu anavyokariri sura ya mtu.

*

Kikao cha kwanza kilifanyika chini ya turubai, nyumbani kwa mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Lugome. Huyu ni mkurugenzi mstaafu wa Idara ya Uvumilivu, ambako alistaafu mapema kwa sababu ya kuchoka. Alifungua kwa hotuba ambayo niliinukuu yote.

"Ndugu wakazi," alisema, "sisi si watu wa kupinga. Hatujawahi kupinga kitu. Tunachofanya ni kukubali kwa kina, tunashuka na kukubali kwetu mpaka chini kabisa, na huko chini ndiko tunakokuta kwamba haiwezekani."

Makofi yakapigwa. Kisha wakazi wakaanza kukubali.

Mmoja alikubali, ila akauliza kivuli cha ghorofa kitaangukia kiwanja cha nani, na kama kivuli hicho kitaomba ruhusa. Mwingine alikubali, ila alikuwa amefanya hesabu ya salamu. Familia nane zitakutana kila asubuhi kwenye ngazi moja, na watu wetu, kwa malezi mema waliyonayo, hawawezi kupitana bila kuulizana habari za kuamka, za nyumbani, za watoto, za wagonjwa na za shamba. Kwa hesabu yake, aliyeko juu angefika chini saa tano na nusu. Barabara ingejaa watu wanaosubiriwa kazini.

Mwalimu Eliwaza, mwalimu mkuu mstaafu, alisimama taratibu. Mtaani husimama hivyo tangu aache shule, kana kwamba anasubiri kwanza wengine wakae.

"Sina ubaya na watu wengi," alisema. "Nimefundisha watu wengi. Lakini walikuwa wanakwenda kwao saa tisa."

Aliyezungumza tofauti ni mmoja tu, Mzee Chambuso, daktari wa mifugo, mtu asiyevaa tai.

"Mimi nimetibu ng'ombe miaka thelathini," alisema. "Zizi likijaa najua kwa kuhesabu mikia, sisomi kibao cha langoni. Hao mnaosema watatujazia mtaa wamo humu humu. Wako uani kwenu. Wengine mmenyonya ziwa moja nao."

Mwenyekiti alimkumbusha kwamba uani hakumo kwenye ajenda. Nilitazama ajenda, na kweli hakukuwemo. Katika kumbukumbu niliandika: Mzee Chambuso alitoa salamu.

Lakini pale mbele alikuwa ameketi ofisa wa Wizara, Bwana Lukelo, Mhesabu Sufuria Daraja la Pili. Kijana mpole, anayezungumza kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Alifungua kitabu cha kanuni akaomba radhi kwa kuingilia. Alisema kwa mujibu wa kifungu cha tisa, haki ya kukataa ghorofa wanayo wakazi wa mtaa ambao kweli kila nyumba ina familia moja. Ikionekana mtaa tayari umechanganyika, hautaulizwa tena, utajengewa tu. Na familia, kwa tafsiri ya kanuni, ni watu wanaokula kutoka sufuria moja. Kwa hiyo Jumamosi ya wiki inayofuata angepita nyumba hadi nyumba, kuhesabu.

Akasikika jogoo wa uani kwa mwenyekiti, ambaye naye hakuwemo kwenye ajenda.

*

Kamati ilikutana kesho yake sebuleni kwa Mheshimiwa Lugome. Nilikabidhiwa kitabu cha kanuni nikisome, kwa kuwa mimi ndiye msomaji. Nikakisoma chote, ukurasa kwa ukurasa, wao wakinywa chai.

Njia ilikuwa katika kifungu cha kumi na mbili. Kinasema kila sufuria ni familia, isipokuwa sufuria ya mtumishi. Sufuria ya mtumishi huhesabiwa pamoja na vifaa vya nyumba, kama vile tangi la maji na ngazi.

Nilikisoma kwa sauti. Mheshimiwa Lugome akaweka kikombe chini. Akasema anaona mwanga.

Kaka yake mkubwa alikuwa uani kwake, na sufuria yake. Mwalimu Eliwaza alikuwa na mama mkwe uani, na sufuria yake. Mweka hazina wetu alikuwa na baba yake mzazi, mzee aliyewahi kuwa mkuu wa kituo cha reli, na sufuria mbili, maana ana masharti ya chumvi. Tulipopiga hesabu mtaa mzima tukapata sufuria sitini na tano, za ndugu sitini na nne. Hakuna aliyejua kwamba ni nyingi hivyo. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

"Basi ni suala la kupanga darasa," akasema Mwalimu Eliwaza.

Kamati iliazimia, bila kupingwa, kwamba kwa siku ile moja, na kwa nia njema, ndugu wote wa uani wataandikwa watumishi. Ziliagizwa aproni sitini na nne, za rangi ya samawati.

Hapa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu nilisema nitaeleza kwa mpangilio. Baada ya kifungu cha kumi na mbili kuna cha kumi na tatu, kinachohusu vifuniko. Na baada ya hicho kuna cha kumi na nne. Kinasema: Mtumishi si mwanafamilia, na jina lake likikutwa kwenye orodha ya waombaji wa makazi, litafutwa.

Nilikuwa nimekisoma. Mimi husoma kila kitu, hata kilichochanika. Sikukisoma kwa sauti. Hakuna aliyeniuliza kama kuna kingine, nami nikafunga kitabu, nikanywa chai yangu, ambayo ilikuwa imepoa.

*

Ijumaa mchana nilimpelekea Dada aproni yake. Alikuwa anachambua mchicha. Nilimweleza kwamba ni jambo la fomu tu, la siku moja, wanafanya mtaa mzima.

"Fomu itasema mimi ni nani?"

Nikamwambia itasema mtumishi. Nikaongeza kwamba ni neno tu la kiofisi.

Akaendelea na mchicha. Baada ya muda akauliza, "Na ile nyumba ya kwenye viatu?"

"Hilo ni jambo jingine, Dada," nikasema. "Hayo mawili hayahusiani."

Nimeyaandika maneno hayo hapa kama nilivyoyasema. Sina tafsiri nyingine yake.

Akaipima ile aproni mwilini. Ilikuwa ndefu, ikimfika miguuni. Akaingia ndani akatoa sindano na uzi, akakaa kizingitini, akaanza kuikunja pindo ili imkae vizuri.

*

Jumamosi Bwana Lukelo alianza saa mbili, na daftari lake na kijiti cha kugongea sufuria, kuthibitisha kwamba ni sufuria. Mimi nilifuatana naye kama katibu, kwa hiyo niliyaona yote.

Nyumbani kwa mwenyekiti tulimkuta kaka yake mkubwa na mpira wa maji mkononi. Ameandikwa mtunza bustani. Ua wa mwenyekiti umesakafiwa kwa zege kuanzia ukuta hadi ukuta, naye alikuwa akiimwagilia zege ile kwa uangalifu, hasa pembezoni. Bwana Lukelo akamuuliza amepanda nini. Mzee akajibu kwamba bado haijaota.

Kwa Mwalimu Eliwaza mama mkwe alikuwa ameketishwa kwenye kigoda, aproni kifuani, mwiko mkononi. Ana miaka tisini na kitu. Alipoulizwa leo atapika nini, alisema yeye anangoja kulishwa, na akauliza huyu kijana ni wa nani na mbona amekonda.

Kwa mweka hazina, baba mtu ndiye mlinzi. Walimpa rungu na filimbi. Kwa kuwa alikuwa mkuu wa kituo cha reli, alipoiona filimbi uso wake ulichangamka, akatupigia, akatupa ishara ya mkono kwamba njia iko wazi.

Bwana Lukelo aliandika kila kitu bila kuinua uso. Mtunza bustani mmoja. Mpishi mmoja. Mlinzi mmoja. Alipita hivyo nyumba baada ya nyumba. Kote mtaani wazazi, mashangazi, wajomba na mabinamu walisimama mbele ya milango ya uani wakiwa wamevaa samawati, na hakuna aliyesema neno, maana waliwapenda watoto wao.

Kwangu tulifika saa nane. Mke wangu alikuwa amekwenda kwa jirani. Dada alisimama karibu na mafiga. Aproni ilimkaa vizuri kuliko mtu yeyote mtaani. Bwana Lukelo aligonga sufuria yenye kibonyeo, ikalia.

"Na huyu mama?" akaniuliza.

Fomu ina safu tatu: Mwanafamilia, Mgeni, Mtumishi. Nilikuwa na muda wa kutosha. Hakunikimbiza. Naikumbuka kalamu yake ikiwa imetulia juu ya karatasi, ikingoja.

"Mtumishi," nikasema.

Kanuni inataka mtumishi athibitishe mwenyewe. Bwana Lukelo akamgeukia kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Hapa unafanya kazi gani?"

Dada hakunitazama. Alimtazama yule kijana.

"Marahaba, mwanangu. Nalea."

"Unalea nani? Sioni mtoto."

"Amekua."

"Na kazi hii umeianza lini?"

"Tangu ana miaka minne."

Bwana Lukelo akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama tena yeye, na naamini aliona, maana pua zetu ni moja. Nilingoja aseme. Kama angesema neno lolote, nadhani ningekiri, ningeshukuru hata. Lakini hakuna safu ya pua kwenye fomu. Akainamisha kichwa akaandika: yaya, mmoja.

*

Matokeo yalisomwa chini ya turubai lile lile. Mtaa wa Staha, nyumba thelathini na saba, familia thelathini na saba. Bwana Lukelo alisema hajawahi kupata hesabu safi namna ile, na alilisema bila furaha. Wizara ikatutunuku Hati ya Mtaa wa Familia Halisi, ikiwa kwenye fremu.

Kisha tukapiga kura ya ghorofa. Waliokubali: Mzee Chambuso. Waliokubali kwa kina: thelathini na sita. Mkono wangu ulikuwa umeshika kalamu ya kuhesabia mikono, lakini nao uliinuka. Mzee Chambuso alinipitia wakati wa kutoka, akanishika bega, akauliza dada yangu hajambo. Nikasema hajambo. Akasema nimpe salamu, na safari hii niandike kweli.

Hati imetundikwa kwenye nguzo pale kiwanjani, juu ya viatu. Orodha ya waombaji nayo ilibandikwa hapo chini yake, ili kila mtu aone haki imetendeka. Majina yote yalipigwa mstari mwekundu, yote yakiwa ya watumishi.

Dada hasomi, lakini jina lake alikuwa amelikariri kwa umbo. Alitoka kuchota maji akapita pale, akaliona. Alirudi akanikuta nimekaa ukumbini na magazeti.

"Lile jina langu wamelipitishia mstari," akasema. "Wa nini?"

Nikasema ni utaratibu.

"Ulikuwa unaujua?"

Nina kipaji cha kuandika kumbukumbu za vikao. Naweza kufupisha saa mbili kuwa mistari kumi. Nilitafuta mstari mmoja wa kumjibu nikaukosa. Akanisubiri kama alivyokuwa akinisubiri nilipokuwa mtoto, nikikwama kwenye neno refu. Kisha akaenda zake uani.

*

Wiki zilizofuata yalitokea mambo ambayo kamati haikuyatarajia. Ilikuwa imeazimiwa kwamba utumishi ni wa siku moja, lakini hakuna aliyepita uani kuwaambia watu kwamba siku imekwisha. Ilikuwa ni jambo gumu kulianza.

Basi wakaendelea. Kaka wa mwenyekiti alimwagilia zege kila asubuhi mpaka ukuta ukaota ukungu, na mwenyekiti alipomwomba aache, alimjibu, "Ndiyo, Mheshimiwa," akafunga maji. Tangu hapo hakumwita kwa jina lake. Baba wa mweka hazina alikaa langoni na filimbi. Siku moja mwanawe alirudi kutoka kazini akaombwa kitambulisho. Akasema, Baba, ni mimi. Mzee akamwambia kila anayekuja husema ni yeye. Akamsimamisha juani robo saa, mpaka treni ambayo haipo ikapita.

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Nikirudi nyumbani nilikuwa napita mlango wa mbele upesi.

Kwa upande wa Dada hakukuwa na kichekesho. Alipika, alifua, alisalimia. Asubuhi moja tu, baada ya chai, nilisikia hodi kwenye mlango wa ukumbini. Hajawahi kubisha hodi katika nyumba ile. Nikasema karibu. Akaingia, amevaa khanga zake nzuri. Aproni ilikuwa mkononi, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara nne. Akaiweka juu ya meza.

"Nimekuja kuacha kazi," akasema.

Nikaanza kusema, Dada. Akainua mkono, si kwa hasira.

"Ningekuwa dada yako nisingeweza. Dada anaacha vipi? Angekwenda wapi na undugu wake? Lakini umeniandika mtumishi, na mtumishi huaga akaondoka vizuri. Nimepata chumba Bondeni, kwa mjane mmoja. Kidogo. Kina mlango."

Nikamwambia akae tuzungumze. Hakukaa. Alisema ana ombi moja, kwa vile mimi najua kuandika. Kule Bondeni mwenye nyumba anataka barua ya mtu aliyekaa naye, kueleza tabia yake.

Nikatoa karatasi ya Umoja. Nikaandika kwamba mtajwa ninamfahamu vyema, ni mwaminifu, mchapakazi, hana ugomvi na mtu. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa upande, kama zamani nilipomsomea vile vipande vya magazeti huku akimenya mihogo.

"Hujaweka nilianza lini."

Nikaweka: tangu nina miaka minne. Karatasi hiyo ilikuwa na nafasi ya kutosha chini yake. Ningeweza kuandika pale kwamba mtajwa ni dada yangu, mtoto wa mama yangu. Niliinamisha kalamu. Nikakumbuka kwamba nakala za barua zote za Umoja huwekwa kwenye faili, na faili hukaguliwa na Wizara.

"Haya," akasema. "Piga muhuri."

Nikaupiga. NYUMBA MOJA, FAMILIA MOJA. Ulitoka vizuri, wino ulikuwa mpya.

Akaikunja barua, akaifunga kwenye pindo la khanga. Sufuria yake alikwisha kuitoa nje, iko langoni, ndani yake amepanga vikombe na mswaki. Nilitaka kumbebea mpaka darajani, njia ya Bondeni. Akasema hapana, bwana, watu wataona.

*

Mwaka umepita. Magunia ya mkaa yamebaki peke yake, na kitanda tumekitoa. Mafiga bado yapo uani. Hakuna aliyesema yaondolewe, wala hakuna aliyesema yabaki. Nyumba yangu sasa ina sufuria moja. Katika mtaa mzima, mimi ndiye ninayestahili ile hati kwa kila hali.

Bondeni nimekwenda mara mbili. Mara zote nilikuta mlango umefungwa. Ni wa mbao, umepakwa rangi ya kijani, na una komeo la ndani. Mara ya pili nilisikia mtu akitembea humo na harufu ya mihogo ikitoka. Nilisimama pale nikitafuta nitaje nani. Mwenye kubisha hodi huulizwa, "Nani?" na mtu lazima ajibu. Nikarudi.

Wiki iliyopita Bwana Lukelo alipita kuhakiki hesabu. Amepanda cheo, sasa ni Daraja la Kwanza. Aligonga sufuria yetu moja, akaandika. Akafika kwenye mafiga, akayatazama, akafungua ukurasa wa mwaka jana.

"Hapa palikuwa na yaya."

Nikamwambia ameacha kazi.

Akalifuta neno hilo kwa mstari mmoja. Alikuwa ameshafunika kalamu yake, amefika langoni, aliposimama akageuka. Aliuliza kwa sauti yake ile ile ya chini, kana kwamba ni swali la mwisho kwenye fomu.

"Na yule mtoto aliyekuwa akimlea? Mama alisema amekua."

Nikamwambia aandike: bado.